Miaka Yangu ya Kunusa Mapipa ya Mdachi

Nyinyi mnaoosha mapipa ya mafuta ya nazi hapa Chole mmenisumbua muda mrefu niwaandikie ninayoyajua, na nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, sina kazi. Mdachi niliyemtumikia ameondoka na vita, ghala lake la bia limebaki na popo, nami nimestaafu kwa kukosa cha kuosha. Ya pili, juzi nilipita kwenu nikamwona mmoja wenu anasuuza pipa kwa maji baridi, akalizungusha mara mbili, akaliacha juani na kwenda kunywa kahawa. Nikaendelea na njia yangu, maana mimi ni mtu mzima, lakini nilikwenda moja kwa moja dukani kununua wino.

Mshahara sitautaja, haukuwa na la kutajwa. Vyeo navyo ni hadithi fupi: niliingia mwosha mapipa, nikatoka mwosha mapipa. Na kabla hamjaniuliza lile ambalo kila mtu huniuliza, jibu ni hapana, sikuonja hata tone. Naijua bia kwa pua tu, na kwa pua naijua kuliko wengi walioijua kwa koo.

Mdachi mwenyewe alikuwa na jina refu lililohitaji kukohoa katikati, kwa hiyo kisiwa kizima kilimwita Bwana Povu. Alikuwa na shamba la minazi ng'ambo ya Utende, lakini aliishi huku Chole katika nyumba ya mawe iliyojengwa na Mwarabu, yenye kuta nene na ghala la chini lenye ubaridi. Bia ya chupa ilimjia kwa meli, na meli ilikuja ilipojisikia. Nusu ya chupa zilikuwa zimepasuka, na nusu nyingine zilikuwa zimepata moto wa jua hata mwenyewe akizinywa alifumba macho. Mwishowe akaapa kupika bia yake nyumbani. Aliagiza magunia ya shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, na maua fulani makavu, machungu kama mwarobaini. Chachu iliyotoka kwao ilifika imekufa, basi akatumia povu la tembo la mnazi alilolinunua kwa wagema. Hivyo ndivyo alivyopata lile jina.

Wakati huo mimi nilikuwa mtu wa kazi katika kiwanja cha Fundi Shomari, mjenzi wa vyombo vya baharini, aliyekuwa akitafuna tambuu tangu alfajiri na kusema maneno kumi kwa siku, manane yakiwa matusi. Nilikuwa nimeoa mwaka ule ule. Bwana Povu akatujia pale akiwa na pipa dogo kwapani, linavuja, akauliza nani hapa anajua kuziba.

"Sisi tunazuia maji yasiingie," Fundi Shomari akamwambia. "Wewe unataka yasitoke. Kazi ni ile ile, ila mtu anageuka upande."

Kisha akanitazama mimi, kwa kuwa wengine walikuwa wamejificha nyuma ya mbao. Hiyo ndiyo namna nilivyoajiriwa.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa kwenye mashua. Nilisokota pamba, nikaichovya katika mafuta ya papa, nikaipigilia katika kila mwanya wa lile pipa kwa patasi na nyundo, nikapaka mafuta hayo hayo ndani na nje mpaka mbao zikang'aa. Tone halikutoka. Fundi Shomari alilizunguka pipa lile, akalipiga teke la mapenzi, akasema lingefika Komoro. Bwana Povu akalijaza bia, akangoja wiki zake, akafungua bilula mbele yetu sote. Akanywa funda moja. Akatazama mbali, upande wa bahari.

"Samaki," akasema.

Bia yote ikamwagwa mferejini. Paka wa Chole walikaa kwenye mfereji ule siku nne, na wengine mwendo wao haukuwa wa kawaida.

Hapo ndipo mimi na fundi wangu tulipoketi chini tukalifungua pipa ubao kwa ubao, kama watu wanaotafuta kosa la marehemu. Tukagundua jambo ambalo nawaomba mlishike: pipa halina msumari wala halitaki pamba. Linashikwa na pete za chuma na kiu yake lenyewe. Likikauka linavuja, likinywa maji siku mbili mbao zinavimba, zinabanana, na kazi yote ya kuziba inafanyika huku wewe umekaa. Ukiona pipa linavuja, usikimbilie mafuta. Lizamishe. Baada ya hapo gonga pete kwa nyundo na kipande cha mti mgumu, ukizunguka pole pole, kidogo huku na kidogo kule. Ukigonga upande mmoja kwa hasira, pete inapanda mwamba na mbao zinafunguka kama ua. Fundi Shomari alifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu kosa lilikuwa langu.

Sasa, kununua. Mapipa mapya hayakuwepo, na kama yangekuwepo Bwana Povu asingeyanunua, kwa kuwa bahili wa Kidachi hana tofauti na bahili wa kwetu. Tulinunua yaliyotumika, kutoka kwa mwenye duka mmoja pale karibu na gati, mtu mwenye adabu sana na uongo wa kiwango kile kile. Kila pipa nililomwuliza lilikuwa na nini, alijibu kwa sauti ile ile laini: "Lilikuwa la maji ya waridi." La lami lilikuwa la maji ya waridi. La siagi iliyooza lilikuwa la maji ya waridi. Ningemletea pipa lenye farasi mfu ndani, angesema alizama akinywa maji ya waridi.

Kwa hiyo usimwulize muuzaji. Uliza pipa. Kwanza ligonge kwa kifundo cha kidole kila ubao: mzima unaita, mbovu unanong'ona. Pili, tazama kwa tundu la kizibo ukielekea jua. Ukiona mwanga mahali pengine, rudisha. Tatu, likiwa limepakwa rangi mpya, ondoka, kwa sababu hakuna anayempaka rangi mtu asiye na ndui. Na mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, tia pua. Ziba tundu kwa uso wako, vuta pumzi mpaka mbavu zitanuke, ngoja, kisha vuta tena. Mara ya kwanza utanusa alichokitia muuzaji ili kukudanganya. Mara ya pili utanusa ukweli.

Mwaka wa pili nilifanya haraka nikanusa mara moja. Pipa lilikuwa zuri, mbao nene, pete hazina kutu. Nikalileta, nikalifungua kichwa, nikaingiza mkono mpaka begani kukwangua utando mweupe uliokuwa chini. Bwana Povu akapita, akainama, na uso wake ukafurahi kama wa mtu aliyeona barua ya nyumbani. Akanieleza kwa furaha ile ile kwamba hayo yalikuwa mafuta ya nguruwe aliyetiwa chumvi. Nilikimbia mpaka ufukweni na mkono wangu nimeunyoosha mbali na mwili, kana kwamba ni wa mtu mwingine niliyekuwa nampeleka hospitali. Nikauosha mara saba, moja kwa udongo, na Fundi Shomari amesimama mbali akinihesabia kwa sauti, na kila nikifika mara ya tano anasema amepoteza hesabu, nianze tena.

Kuosha kwenyewe kulikuwa hivi. Maji yachemke kweli kweli, si ya vuguvugu. Nusu debe ndani, mnyororo mfupi wa nanga ndogo ndani pamoja nayo, ziba, kisha livingirishe pipa uwanjani huku na huku mpaka mnyororo ukwangue kila pembe ambayo mkono haufiki. Kelele zake zilikuwa kubwa, na wazee waliokuwa barazani waliniombea kwa maneno nisiyotaka kuyaandika. Mwaga. Maji ya pili yawe na magadi. Mwaga. Maji ya tatu yawe matupu. Kausha kivulini, kichwa chini. Halafu unakuja moto wa kiberiti, nami sisemi hiki cha njiti, nasema lile jiwe la njano lenyewe. Unachovya kitambaa katika kiberiti kilichoyeyuka, unakiwasha, unakining'iniza kwa waya ndani ya pipa, unaziba. Moshi wake unakutoa machozi na kuua kila kinachoweza kuchachua bia. Pipa likitoka hapo ni safi kuliko roho za wengi wetu.

Pua yangu ikapata jina. Nilikuwa naweza kusimama mlangoni mwa ghala nikasema pipa la nne kutoka ukutani limeingia kuvu, na likifunguliwa, kuvu ile hapo. Watu waliniita kunusa mitungi, samli, mafuta ya taa, hata mchumba mmoja aliyedaiwa kuvuta tumbaku. Nami nikaota pembe. Mtu akinifunulia chungu kwenye harusi, naingiza uso, navuta pumzi, natoa hukumu, watu wanacheka. Nyumbani hali kadhalika. Niliona ni kipaji, na sikuona sababu ya kukipa mapumziko.

Mwaka wa sita wa kazi, mchana mmoja, nilirudi nyumbani nikakuta mlango umefungwa kwa kamba na jiko limepoa. Jirani yetu, Bi Zainabu, alikuwa ameketi nje anasuka ukili.

"Mwanahawa kaenda kwao Baleni," akaniambia bila kuinua macho. "Kasema hatarudi mpaka ulijue ulilolifanya."

"Nimefanya nini?"

"Kama hulijui, mimi nikwambie ili iwe nini?"

Mwanahawa ni mke wangu. Sikuwa mtu wa kusema maneno matamu, na bado si mtu huyo, lakini nitaandika hapa kwamba nyumba ile bila yeye ilikuwa haikaliki. Nililala upande wangu wa kitanda kana kwamba upande wake bado una mtu. Nilipika wali nikaula mbichi. Sikuwa na hamu ya kurudi nyumbani na sikuwa na mahali pengine pa kurudi.

Nikaketi na Fundi Shomari kutafuta nilichokifanya, naye hakuhitaji muda.

"Unanuka," akasema.

Jambo likawa wazi kwetu sote wawili. Baba yake Mwanahawa ni Mwalimu Saidi, anayesomesha watoto Kurani pale Baleni, na tangu nilipoingia kazi hii alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni. Siku moja alinihesabia wote waliolaaniwa kwa ajili ya pombe: anayeikamua, anayeibeba, anayeiuza, mpaka mwisho. Nilimsikiliza kwa heshima zote, kisha nikamwambia, "Mwalimu, mwosha pipa tupu sikumsikia." Hakucheka. Basi ni nani asiyeona kilichotokea? Mwalimu amemwambia binti yake kwamba mumewe ni najisi, na binti amevuta pumzi akaona baba amesema kweli.

Nikaanza kujisafisha kama pipa. Nilijisugua kwa mchanga, kwa ndimu, kwa dodoki. Nilijifukiza udi mpaka nikienda msikitini watu wanauliza harusi ni ya nani. Nikatuma salamu Baleni mara mbili kwamba sasa nanukia. Jibu la kwanza halikuja. La pili lilikuja: "Mwambieni bado hajajua."

Katikati ya balaa hilo, Bwana Povu akaalika wageni. Walikuwa Wadachi watatu wenye mashamba upande wa Rufiji, ambao kwa miaka walikuwa wakimcheka kwamba bia haipikiki katika nchi ya nazi. Alitaka kuwafunga midomo. Akapika mapipa sita, akaniambia, "Faki, safi. Safi sana." Nami nikaenda kabatini kuchukua kiberiti nikakuta kimekwisha. Nilikuwa nimesahau kusema kiagizwe, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa Baleni.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo kosa kubwa nililolifanya katika kazi yangu yote, na nililifanya kwa nia njema. Mama zenu wote, wakitaka maji matamu ya kumpa mgeni, hufanya nini? Wanaweka ubani kwenye kaa la moto, wanafunika mtungi mtupu juu yake mpaka udongo unywe moshi, ndipo wanatia maji. Mgeni akinywa anasema alhamdulillahi na kuomba tena. Nikajiambia: moshi ni moshi. Kiberiti kinanuka kama shimo la jahanamu na ubani unanukia kama maulidi, basi kama kile kinafaa bia, huu utaifaa zaidi. Nikayafukiza mapipa yote sita kwa ubani safi, moja baada ya moja, na nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Mwanahawa aondoke.

Bia ikatiwa mle, wiki zake zikapita, wageni wakaja. Meza ikawekwa upenuni, vikombe vya kioo vikajazwa, Bwana Povu akasimama akasema maneno marefu, wakanyanyua, wakaleta vikombe midomoni. Kisha kila mmoja akasita. Mmoja akavua kofia. Wa pili akaweka mkono kifuani. Wa tatu, mzee mwenye ndevu, akanywa kidogo, uso wake ukajikunja, akauliza kitu, na wote wakapasuka kicheko mpaka meza ikatikisika. Bwana Povu peke yake hakucheka. Alinijia ghalani akiwa na kikombe mkononi, polepole.

"Faki," akasema, "bia yangu iko kanisa."

Nilimweleza habari ya mitungi. Akasikiliza, akanusa, akaonja tena. Harufu ya kanisa pengine angeisamehe, lakini ubani haukuua kitu mle ndani, na bia ilikuwa tayari inaingia ukali. Mapipa yote sita yalikuwa njiani kuwa siki. Hakunipiga wala hakunifukuza. Aliketi juu ya pipa tupu akaninyooshea kidole kuelekea baharini, maana yake mwaga, kisha akabaki pale pale akitazama mikono yake. Nilimhurumia. Wageni wake walikuwa bado wanacheka huko juu.

Nikayamwaga matano. La sita, dogo kuliko yote, nikasita nalo. Siki ya tembo sote tunaijua na hata Mwalimu Saidi anaila kwa achari yake ya ndimu, tena anaila sana. Nikamwomba bwana, akatikisa mkono nilichukue. Nikalifungua kizibo, nikalifunika kwa kitambaa, nikaliacha kwenye kona wiki nyingi, silitii kitu wala silitikisi, mpaka pua yangu iliponihakikishia kwamba bia imekufa yote na siki imezaliwa. Ndipo nikavuka nalo kwa mtumbwi mpaka Utende, nikakodi punda, nikaelekea Baleni na tumaini langu lote limefungwa kwa kamba mgongoni mwa mnyama aliyekuwa akisimama kila penye mhogo.

Mwalimu Saidi alikuwa barazani kwake na mabaki ya darasa la asubuhi. Akawaruhusu watoto waende.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Siki."

"Ya tembo?"

"Ya shayiri."

"Na kabla haijawa siki ilikuwa nini?"

"Ilikuwa unavyojua, Mwalimu."

Akalitazama pipa, akanitazama mimi. "Iligeuka yenyewe, au uliigeuza?"

"Yenyewe. Mimi nilikuwa nataka ibaki bia."

"Hilo usiliseme mbele ya watu. Kuna kitu ulitia ndani?"

"Hakuna. Ila pipa lilipokuwa tupu nililifukiza ubani."

Hapo akainuka akaingia ndani, akatoka na kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi, akakipekua kwa muda uliotosha punda kula kona moja ya shamba la jirani. Alikuwa akisema peke yake: moshi, moshi, je, moshi ni kitu au si kitu. Mwishowe akakifunga. Akasema moshi hauna mwili, ulikuja kabla na ukaondoka kabla. Kileo kikigeuka siki chenyewe bila kutiwa kitu kinakuwa halali, na chombo chake kinatahirika pamoja nacho. Aliposema hivyo akaomba kibakuli. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho. Akachovya tena. Nilianza kuhofia kwamba hukumu itaendelea mpaka pipa liishe.

"Basi Mwalimu," nikasema, "kama pipa limetahirika, hata aliyeliosha si ametahirika? Nimekuja kumchukua mke wangu. Nyumba imenishinda. Mimi ni mtu wa kunuka bia na nimejisugua mpaka ngozi imelalamika, na kama kazi ndiyo inayotutenganisha nitaiacha leo hii, nitarudi kwenye mashua."

Mwalimu alikuwa anafungua mdomo kunijibu pale sauti ya Mwanahawa ilipotoka ndani, nyuma ya pazia.

"Baba, nani amesema nimeondoka kwa ajili ya pipa?"

Tukatazamana, mimi na Mwalimu. "Si ulisema..." akaanza.

"Mimi sikusema. Mliosema ni nyinyi. Na huyu kila akituma salamu, anatuma habari za ndimu na udi." Akaendelea, na hakupandisha sauti. "Kila nikipakua chakula, anafunua chungu anatia uso. Kabla ya bismillahi, Baba. Ananusa, anangoja, ananusa tena. Kisha anasema: hiki hakikusuguliwa chini ya shingo. Siku walipokuja dada zake kutoka Kiegeani nilipika tangu alfajiri. Akanusa mbele yao wote, akasema ndani ya chungu kuna shombo la papa wa juzi. Dada zake wakacheka. Mimi nikaja kwetu."

"Shombo lilikuwepo?" Mwalimu akauliza, kwa kuwa ni mtu wa kutafuta ushahidi.

"Halikuwepo."

Lilikuwepo. Lakini nilifunga mdomo, na nadhani hiyo ndiyo hekima ya kwanza niliyoionyesha katika ndoa yangu. Nilijiona mpumbavu asiye na mfano. Miezi yote ile nilikuwa nimesugua mkono, shingo, mgongo, kila mahali isipokuwa pale penye kosa. Mwanamke amenipikia miaka sita, nami nimemsimamia kila siku kama mwenye duka wa gatini aliyeniuzia mafuta ya nguruwe. Nikasema nimekosa. Nililisema kwa sauti, mbele ya baba yake, na watoto wa darasani waliokuwa wamejificha nyuma ya ukuta walisikia.

Mwalimu Saidi akalichukua pipa lake mikononi. "Kesi ya pipa nimeimaliza," akasema. "Hii nyingine haimo kitabuni." Akaingia ndani kutafuta ndimu.

Mwanahawa akatoka kwa mlango wa uani. Hakunisalimia. Alikuwa amebeba vyungu vya mama yake, vyeusi vya miaka, vitatu kwa mkono mmoja na viwili kwa mwingine, akavipanga chini mbele yangu, akaongeza ndoo ya maji, mchanga na makumbi ya nazi, akaenda kuketi kwenye mkeka na shangazi zake wawili walioitwa upesi kutoka nyumba ya pili. Nikakunja kanzu. Nikaosha tangu adhuhuri mpaka karibu ya alasiri, kwa ufundi wangu wote, shingo na chini ya shingo, nikasuuza kila kimoja maji matatu, nikavipanga kivulini vichwa chini. Mgongo uliniuma kuliko siku yoyote ya mapipa. Nusu ya Baleni ilikuwa imepata sababu ya kupita njia ile.

Mwanahawa akainuka, akaja. Akachukua chungu cha kwanza, akakiinua mpaka usoni, akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Akakiweka. Akachukua cha pili, akafanya vile vile, akakiweka. Cha tatu alikinusa muda mrefu, na macho yake yakanitazama juu ya ukingo wake. Nilijua kile chungu ni safi. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuosha chombo kikawa safi kama kile.

"Rudia," akasema.

Nikachota mchanga, nikarudia.